Ijaribu Kwanza Mpaka Relini

Jua lilikuwa linazama nilipogonga geti la Bibi Stamatia, kule Preston, kutazama baiskeli aliyokuwa anaiuza, nipate ya kuendea kazini. Nilitaka ya mbio, yenye gia moja tu. Bridie wa ofisini ndiye aliyenitia kiherehere.

"Desmond, Melbourne tambarare kama meza, gia ishirini za nini? Unapanda mlima gani wewe, wa mafaili?"

Nilicheka, lakini lilinichoma.

Baiskeli ilikuwa gereji, nyeusi, imepanguswa ikang'aa. Ilikuwa ya marehemu mwanawe, Lefteris.

"Si ile ambayo pedeli haziachi kuzunguka?" niliuliza. Vijana wanazipenda hizo. Mimi nazikwepa.

"La. Ukiacha kukanyaga, zinatulia. Ijaribu kwanza, mwanangu. Nenda mpaka reli za tramu, urudi."

Kwetu huchukui baiskeli ya mtu kuijaribu bila kuacha kitu. Nikamwachia funguo za gari. Hakuzitazama hata. Alikuwa ananitazama mimi usoni, kama anayenipima.

Ilikuwa nyepesi ajabu. Nilijiona kijana, nikaanza kupiga mluzi.

Pale relini, kwenye nguzo, ilikuwa imefungwa baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe tupu, kama zinavyowekwa mahali alipofia mwendesha baiskeli. Nikaacha kukanyaga ili nigeuze.

Pedeli hazikuacha.

Zilizunguka... taratibu... zikiisukuma miguu yangu. Tik... tik... tik... Nyuma kukalemea, kana kwamba mtu amepakia. Lakini baiskeli ile haikuwa na mahali pa abiria.

Harufu ya kahawa nzito. Kisha pumzi ya baridi shingoni.

"Bwana... unarudi kwa mama?"

Nikaukaza usukani kwa mikono miwili.

"Nifikishe, tafadhali. Peke yangu sipajui tena nyumbani."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, na hilo ndilo linaloniumiza. Aliomba kufikishwa mitaa mitatu tu, jambo ambalo ningemfanyia mlevi yeyote. Nikaruka, nikaitupa baiskeli chini ya nguzo, nikatimua mbio. Nyuma yangu niliyasikia magurudumu yakizunguka kwa kasi... kisha polepole...

Kisha kimya.

Bibi Stamatia alikuwa amesimama getini na kikombe cha kahawa, kinafuka moshi. Alikuwa anatabasamu. Aliponiona natembea kwa miguu, tabasamu likamtoka.

"Yuko wapi?" alinong'ona.

"Tairi limepasuka, mama."

"Nakuuliza mtoto, wewe wanijibu tairi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamume mzima, mwenye mvi, nadanganya mbele ya mama wa watu.

"Kila anayeijaribu hunirudishia mwanangu mpaka hapa," alisema. "Wote hufika wanatetemeka. Hakuna anayeinunua, wala siwalaumu. Anakaa nami usiku kucha, kukipambazuka simwoni. Mimi sijui kuendesha, ningemfuata mwenyewe. Na wewe umemwacha barabarani?"

"Niliogopa, mama."

"Na yeye haogopi?"

Aliweka kikombe juu ya ukuta, akanitia funguo mkononi, akatoka na ndara zake kuelekea relini, akiita jina la mwanawe kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtoto aende shule.

Nilipaswa kwenda naye. Nilijua hivyo kabisa, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini niliingia garini, nikafunga milango yote, nikapandisha na vioo. Sauti yake bado ilinifikia. Mpaka leo sijui nilikuwa namfungia nani nje, marehemu au mama yake.