Kobe Mwenye Taa Mgongoni

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Mabaki, naye hakulikataa jina hilo. Kitu walichokitupa wenzake yeye alikiokota, akakifua, akakigeuza kuwa kitu kingine. Mifuko ya saruji aliifanya mikoba. Suruali za jinzi zilizochakaa alizifanya zulia. Mwaka ule dobi mmoja alifunga duka lake, akampa gunia zima la tai za shingoni ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Fundi Mabaki alizitazama siku nzima. Siku ya pili akaanza kushona kobe.

Kobe wenyewe hawakuwa wa mchezo. Gamba la kila mmoja lilikuwa na vipande kumi na vitatu vya tai, vimeungwa kwa mkono: vya milia, vya madoadoa, vya maua. Tumbo lilikuwa la jinzi. Ukimbonyeza mgongoni, taa tatu ndogo ziliwaka chini ya kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Tai hizi zimehudhuria mikutano mingi," alisema mumewe, ambaye alikuwa mwoka mikate. "Sasa zimestaafu, zinatambaa."

Taa na betri Fundi Mabaki alizipata kwa Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa na redio katika kibanda cha jirani. Betri zenyewe zilikuwa bapa na za duara, zinang'aa kama sarafu. Mzee alimfundisha kuunga waya. Kifuko cha betri Fundi Mabaki alikibuni mwenyewe, tumboni mwa kobe, akakifunga kwa utepe wa kunata, ule unaolia kraa ukiuvuta. Alitaka iwe rahisi kubadilisha betri ikiisha.

Na ilikuwa rahisi kweli. Rahisi kupita kiasi.

Yalibaki majuma matatu kabla ya maonyesho ya kazi za mikono. Asubuhi hiyo, mnamo saa nne, Fundi Mabaki alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha. Mama mkwe wake alikuwa akikunja nguo. Mtoto wa Fundi Mabaki, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu, alikuwa sakafuni na kobe mmoja. Walimwita Kijino, kwa sababu jino lake la kwanza lilitoka peke yake na likakaa peke yake muda mrefu, kama mlinzi getini.

Kijino alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akanyamaza.

Fundi Mabaki aligeuka. Mtoto alikuwa ameketi wima, macho yamemtoka, mate yanamchuruzika hadi kifuani. Alikuwa anapumua. Hakuwa analia. Kando yake kobe alikuwa chali. Kifuko cha tumboni kilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na kitu.

"Mama, umeiona betri?"

"Betri gani?"

"Ya huyu kobe. Haipo."

Wakatafuta. Waliinua mkeka, wakakung'uta nguo zilizokunjwa, wakapapasa chini ya cherehani. Wakamfungua mtoto kinywa. Hawakuona kitu. Kijino alijipangusa mate, nayo yakaja mengine.

"Pengine ameimeza," alisema mama mkwe. "Lakini si ulisema ile imeisha?"

"Karibu iishe. Taa zilikuwa hafifu."

"Basi haina neno. Baba yake huyu alimeza kifungo cha koti utotoni, kikatoka chenyewe. Mpe ndizi mbivu, imsukumie chini."

Mama mkwe alikwisha kumenya ndizi. Fundi Mabaki aliitazama ile ndizi, akamtazama mtoto. Hakujua lipi ni sahihi. Alichojua ni kwamba yuko mtu mmoja jirani anayezijua betri. Akambeba Kijino, akatoka mbio bila viatu.

Fundi Saa alikuwa ameinamia saa ya ukutani. Alisikia maneno matatu tu, "Kijino amemeza betri," akasimama hadi kiti kikaanguka.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Labda dakika kumi."

"Amekula kitu? Amekunywa?"

"Mama anataka kumpa ndizi."

"Asile. Asinywe. Wala msimtapishe." Alifungua droo, akatoa betri nyingine ya aina ileile, akaitia mfukoni. "Twende hospitali kubwa, yenye eksirei. Zahanati hapo mtaani tutapoteza muda."

"Mzee, ni hatari kiasi hicho?"

"Vaa ndala zangu hizo. Nitakueleza njiani."

Walipata teksi kwenye kona. Mama mkwe aliachiwa kazi ya kumpigia simu mwoka mikate. Fundi Mabaki alimshika mtoto wima kifuani. Kila Kijino alipokohoa, yeye alikaza mikono.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Fundi Saa. "Kifungo kikimezwa ni kifungo tu. Betri ina umeme. Ikikwama kooni na kukutana na mate, inaanza kufanya kazi. Nyama ya pale inaungua, taratibu, bila moshi wala kelele. Saa mbili zinatosha kutoboa."

"Lakini ilikuwa imeisha."

"Imeisha kwa taa. Kwa koo la mtoto haijaisha. Umeme uliobaki unatosha kuunguza."

Fundi Mabaki alitazama saa ya gari. Saa nne na dakika ishirini na tano. Mbele yao lori lilikuwa likigeuza, limeziba barabara yote. Dereva wa teksi alipiga honi. Lori halikuwa na haraka. Fundi Mabaki alitaka kushuka akimbie kwa miguu. Mzee alimshika mkono.

"Kaa. Ukikimbia mtaanguka wote wawili."

Hospitali ilikuwa imejaa. Foleni ya mapokezi ilifika mlangoni. Karani hakuinua kichwa.

"Mtoto ana nini?"

"Anakohoa, anatokwa mate, halafu..."

"Kikohozi, foleni ya kushoto."

Fundi Mabaki alimsogeza mtoto mbele aonekane. Hapo mzee akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaiweka ile betri ya mfukoni mezani mbele ya karani.

"Mtoto amemeza betri kama hii," alisema polepole, neno moja moja. "Nusu saa iliyopita."

Nesi aliyekuwa akipita nyuma ya karani aliiona betri. Akasimama. Akamchukua Kijino mikononi mwa mama yake, na tangu hapo hakuna aliyetaja foleni.

Picha ya eksirei ilionyesha mduara mweupe kifuani, juu kidogo. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliusogezea kidole.

"Unaona? Kuna pete ndani ya pete. Sarafu huonyesha mduara mmoja tu. Hii ni betri, na imekwama kwenye njia ya chakula. Ana kitu tumboni?"

"Alinyonya asubuhi mapema. Baada ya hapo hakupewa kitu."

"Mmefanya vizuri sana. Tutamlaza usingizi, tutaingiza mpira mwembamba wenye kamera, tuitoe."

Mlango ukafungwa.

Mwoka mikate alifika na unga hadi viwiko. Hakuuliza kosa ni la nani. Aliketi kando ya mkewe kwenye benchi.

"Ni mimi," alisema Fundi Mabaki. "Nilimshonea hatari kwa mikono yangu, nikaipamba."

"Wewe ulishona kobe," alisema mumewe.

"Nilishona kifuko ambacho mtoto wa mwaka mmoja anaweza kukifungua."

Fundi Saa alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyekupa betri," alisema. "Nilikufundisha waya. Kifuniko sikukufundisha. Miaka yangu arobaini katika kazi hii, na sikufungua kinywa."

Mama mkwe naye alikuwa amefika. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Msijitese, wanangu. Ajali haina kinga."

"Hii inayo, shemeji," alisema mzee. "Kinga yake ni skrubu moja."

Saa ya ukutani ilikuwa inapiga tik, tik, na mzee, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitamani saa isimame.

Saa sita kasoro dakika tano daktari alitoka. Mkononi alikuwa na kisahani cha chuma. Betri ilikuwa ndani yake, upande mmoja umekuwa mweusi kama sufuria ya mkaa.

"Imetoka," alisema. "Imeunguza, lakini haijatoboa. Mngengoja itoke chooni, leo tungekuwa na mazungumzo mengine."

Fundi Mabaki alitaka kushukuru. Akakishika kisahani kwa mikono miwili.

Daktari aliwaeleza yaliyobaki. Kijino angelazwa. Angelishwa kwa mpira wa puani kwa siku kadhaa, hadi kidonda kianze kupona. Wangelazimika kumrudisha apimwe tena, maana kidonda cha namna hiyo huweza kuleta madhara hata baadaye.

"Na watoto wengi hawakohoi kabisa," aliongeza. "Mwingine anakataa chakula tu, au analalamikia kifua. Ukihisi kwamba betri imemezwa, usisubiri dalili. Njoo. Ikiwa imeingia puani au sikioni, njoo vilevile."

Fundi Mabaki alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ghafla akaacha.

"Kobe wawili wako chekechea," alisema. "Nilimpa mwalimu wiki iliyopita."

Mumewe alibaki na mtoto. Yeye na Fundi Saa wakarudi kwenye teksi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angeweza kusema anawachukua kobe kuwarekebisha mshono. Uongo mdogo ungelinda jina lake, na maonyesho yalikuwa karibu. Alipomwona mwalimu mlangoni, maneno aliyoyapanga yakamwishia.

"Mwalimu, vile vitu nilivyokuletea ni hatari. Mwanangu yuko hospitali sasa hivi kwa sababu ya kimoja. Naomba unirudishie."

Mwalimu alirudi na kobe mmoja.

"Wa pili?"

"Kuna binti mmoja alimpenda sana. Jana nikamruhusu aende naye nyumbani." Mwalimu akaanza kuvaa viatu. "Wana mtoto mchanga."

Ilikuwa nyumba ya nne baada ya shule. Walikwenda watatu, kwa haraka. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mtoto wa miezi minane alikuwa amelala kifudifudi, anatafuna mguu wa kobe. Utepe wa tumboni ulikuwa umeachia nusu. Fundi Mabaki alipiga magoti, akatia kidole kifukoni.

Betri ilikuwamo.

Alikaa pale sakafuni, akamweleza mama wa watoto wale kila kitu, tangu mwanzo. Yule mama alisikiliza, akamnyanyua mwanawe, akasema, "Ungeweza kukaa kimya."

"Nisingelala," alijibu Fundi Mabaki.

Kijino alirudi nyumbani siku ya tisa, amekonda, amekuwa mkali kama pilipili. Alipoweza tena kumeza uji mwepesi, aliunywa kwa kishindo, na bibi yake akahesabu kila kijiko.

Fundi Mabaki alifumua kobe wote kumi na wanane. Alichana mishono aliyoishona kwa miezi miwili, wala hakulalamika. Kisha akaketi na Fundi Saa kibandani, wakabuni upya.

Kobe wa watoto wadogo hawakupewa taa. Badala yake kila kipande cha gamba kilijazwa kitu tofauti: hapa karatasi inayokwaruza, pale pamba, pale kitambaa kigumu. Mtoto alipombonyeza, kila kipande kilijibu kwa sauti yake. Macho hayakuwa vifungo. Yalidariziwa kwa uzi.

Kobe wa watoto wakubwa walibaki na taa. Lakini betri sasa iliketi ndani ya kiboksi kigumu chenye kifuniko cha skrubu, na kiboksi kikashonwa ndani. Bila bisibisi, hakifunguki. Fundi Mabaki alimkabidhi kila kobe kwa mumewe, mtu wa mikono ya kukanda unga, na kumwambia avute kwa nguvu zake zote. Kobe aliyeachia mshono alirudi cherehanini.

Betri mpya na zilizokwisha ziliwekwa ndani ya kopo lenye kifuniko, juu ya kabati. Zilizokwisha zilizungushiwa utepe wa gundi kwanza. Mama mkwe ndiye aliyekuwa askari wa kopo hilo. Hata mwanawe alipotaka betri ya saa yake alihojiwa.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa watu. Kobe wa tai walikuwa wamepangwa mezani, na wengi walisimama kuwacheka na kuwabonyeza. Mbele yao Fundi Mabaki aliweka sahani. Juu ya sahani palikuwa na kipande cha nyama mbichi, na katikati ya nyama betri moja ndogo. Aliiweka asubuhi, mbele ya watu.

"Hii ni nini, dada?" waliuliza.

"Pita tena baada ya saa moja," aliwajibu. "Utajionea."

Waliorudi hawakucheka. Kuzunguka betri nyama ilikuwa imetoa povu, kisha ikawa nyeusi, kisha ikachimbika. Fundi Mabaki hakuhubiri. Alisema tu, "Mwanangu alikuwa na hii kooni," akawaonyesha kiboksi chenye skrubu.

Meza ya jirani ilikuwa ya kijana mmoja mwenye kadi za kuimba. Ukiifungua kadi, wimbo unaanza. Zilikuwa kadi nzuri, zimekatwa kwa mkono, na watu walizipenda. Tangu asubuhi alikuwa akiichungulia ile sahani kwa jicho la pembeni. Saa sita alikuja akasimama mbele ya sahani, mikono nyuma. Akarudi mezani kwake, akachukua kadi moja, akaikwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Betri ikadondoka kiganjani.

Aliitazama kwa muda. Kisha akaanza kuzikusanya kadi zake, moja baada ya nyingine, hata ile ambayo mteja alikuwa ameishika. "Samahani, mama," alimwambia mteja. "Hii bado haijakamilika."

Alizitia zote ndani ya boksi, akalibeba hadi kwa Fundi Mabaki.

"Dada," alisema, "hicho kifuniko chako unakifungaje?"

Fundi Mabaki alimvutia stuli.