Kadi ya Kurudia Melini

Kwa akina Nuha, huko Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, hakuna aliyetoka nyumbani Jumamosi bila kazi. Baba, Bwana Azhar, alishika funguo. Mama, Bi Sabiha, alibeba chakula, maana cha barabarani hakukiamini. Nuha, mwenye miaka kumi na mmoja, alitunza kadi za treni za wote watatu, na kwa cheo hicho alitembea kifua mbele.

Kwa hiyo likizo ya mwaka 2007, meli yao ya matembezi ilipotia nanga Shanghai, Baba hakusita. Alimpa Nuha kadi yenye anwani ya gati kwa Kichina.

"Madereva wa teksi hapa hawajui Kiingereza, seuze Kiswahili," alisema. "Lango la meli linafungwa saa kumi na nusu. Na pasi zetu zimebaki humo."

"Okei, Baba. Usiwe na wasiwasi."

Asubuhi nzima walizurura, shingo zikiwauma kwa kutazama maghorofa. Adhuhuri waliswali msikitini, kisha wakapotelea kwenye maduka ya chai na hariri. Saa nane Nuha akapapasa mfuko wake. Mtupu! Akakumbuka: alipotaka kutawadha, aliiweka kadi juu ya bomba isilowe.

Angesema palepale. Lakini mtunza kadi apoteze kadi? Aliona haya. Akaupekua mkoba mara tatu, kana kwamba kadi ina miguu.

"Mbona huna utulivu, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Kadi ipo?" Baba akadakia.

"Ipo."

Tangu hapo hakuona tena hariri wala chai. Aliona saa tu, kila ukuta. Saa tisa Baba akaonesha mnara upande wa pili wa mto.

"Tuvuke kwa kivuko, tukautazame. Huko huko tutachukua teksi hadi melini."

Wakivuka, msikiti utakuwa mbali mno. Nuha akamshika Baba mkono.

"Baba, sina kadi! Nimeiacha msikitini. Nilikudanganya."

Mama tayari alikuwa amekunja buibui. "Lawama baadaye! Twende!"

Walikimbia njia nzima hadi msikitini. Bibi mmoja alikuwa akifagia penye mabomba.

"Assalaamu alaykum!" Mama alisema huku akihema.

"Wa alaykumu ssalaam," bibi aliitika. Akamtazama Nuha, akatoa kadi mfukoni. Hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, basi Mama akamkumbatia.

Dereva wa teksi aliisoma kadi, akaondoa gari, lakini foleni ya magari ilikuwa ndefu. Walifika langoni zikiwa zimebaki dakika mbili. Melini Nuha akaangua kilio.

"Kupoteza kadi si dhambi," Baba alimwambia. "Mimi funguo nimepoteza mara ngapi?"

"Nne," Mama akajibu.

"Lakini uliposema ipo, ulitupoteza sisi sote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Leo ungechelewa kidogo tu, tungelala gatini."

"Nisamehe, Baba."

Nuha alijua cheo chake kimekwisha. Lakini Jumamosi ya kwanza waliporudi Arlington, kwenye lango la stesheni, Baba alimkabidhi kadi zote tatu. Walipofika kituo cha kushukia, akamgeukia.

"Zipo?"

Nuha alizitoa, akazihesabu moja moja, ndipo akajibu.