Kizibo cha Mama Mwiko

Kila Ijumaa, baada ya kufagia darasa, Katibu aliosha vizibo ishirini na kimoja vya soda na kuvianika dirishani. Hivyo ndivyo vilivyokuwa kura za shule yao. Shule ilikuwa ya ushirika, mali ya wazazi, walimu, wafanyakazi na wanafunzi. Kila mjumbe wa baraza alipewa kizibo kimoja, awe mwalimu mkuu au mtoto wa darasa la pili. Yeye, msichana wa darasa la saba, alichaguliwa kuwa katibu, na cheo kikageuka jina.

Ijumaa hiyo baraza lilikuwa na jambo moja: stoo iliyokuwa tupu iwe chumba cha kusomea, au apewe mpishi aweke kuni? Katibu alikitaka chumba hicho kwa kufa na kupona. Nyumbani walilala sita chumba kimoja, na mtihani ulikuwa unabisha hodi.

Kelele za jikoni zilimeza kengele, kwa hiyo ilikuwa kazi ya katibu kwenda kumwita mpishi, Mama Mwiko, aje kupiga kura yake. Siku hiyo hakwenda. Mwalimu mkuu alipouliza, alijibu kwamba mpishi ameshikwa na kazi. Kura zikapigwa: chumba cha kusomea kumi na moja, kuni tisa.

Wenzake walimpongeza. Lakini kizibo kimoja kilibaki mfukoni mwake, kikimchoma kama kaa la moto. Alijiambia kimoja kisingebadilisha kitu, na hesabu ilimuunga mkono. Saa ya chakula akapanga foleni na sahani yake.

"Nasikia mmepiga kura," Mama Mwiko alisema huku akipakua. "Au siku hizi mimi ni sufuria, binti yangu?"

Katibu aliiacha sahani pale pale. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaweka kizibo mezani na kusema kweli yote.

Baraza liliitwa tena mchana huohuo. Mama Mwiko alisimama na aproni yake, akaeleza jinsi kuni zinavyolowa mvua, moshi unavyomtoa machozi, na watoto wadogo wanavyochelewa kula. Wengi hawakuwa wakijua. Kisha akauliza kwa nini watu wagombanie stoo, ilhali bwalo lenye meza ndefu na taa nne hukaa tupu kuanzia saa tisa, na ufunguo anao yeye.

Safari hii vizibo vyote ishirini na kimoja viliangukia upande wa kuni, kikiwemo cha Katibu. Jumatatu bwalo likawa chumba cha kusomea.

Katibu aliomba kujiuzulu. 

"Ulidhani kupiga kura ni kuhesabu tu," mwalimu mkuu alisema. "Kwanza ni kusikilizana. Uliyemwacha nje ndiye aliyekuwa na jibu la shida yako. Sasa unalijua hilo kuliko sisi sote, kwa hiyo sioni kwa nini uondoke. Lakini baraza ndilo litakaloamua."

Mama Mwiko alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Abaki," alisema. "Ila kila Ijumaa nitakuwa mlangoni pa jiko, nangoja kizibo changu."