Sura ya Kuazima

Kwaru. Kwaru. Saa nane za usiku mama Kidoti alisikia mkwaruzo chumba cha mbele, akadhani panya, kisha akamsikia mumewe analia, na yule mwanamume hata mazikoni halii.

Alimkuta amepiga magoti mbele ya picha, anakwangua rangi kwa kisu. Picha ilikuwa ya mtoto. Akikwangua shavu, shavu linarudi, bichi, lina joto.

"Baba Kidoti, huyu si mwanangu?"

"Sauti chini. Kuna mwanamke aliagiza. Kafiwa na mtoto."

Hilo halikuwa jipya kwa fundi wa kuchora sura. Wakubwa wa ofisi walikuja kuchorwa wakikaribia kustaafu, wanaogopa kusahauliwa, wajane walileta waume zao ndani ya bahasha, picha ya kitambulisho, "mpunguzie ukali, fundi, mpe tabasamu ambalo mimi sikulipata." Lakini mwanamke huyu hakuwa na picha hata moja. Alieleza kwa mdomo tu, na fundi alipochoka kufuta na kurudia, akamtazama binti yake aliyelala, akamalizia kazi.

"Ukaazima? Mtoto ni kopo la rangi?"

"Jioni kaja kuiona. Kainusa. Kasema mwanawe alizaliwa bila sura, sasa anayo, usiku atakuja kuchukua na pumzi ya mwenye sura."

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumba, na kule chumbani Kidoti akapiga ukelele uliokatika katikati, mama akakimbia, akamkuta mtoto ananing'inia juu ya godoro kichwa chini, midomo myeusi, kitu kisichoonekana kimemshika vifundo vya miguu, naye akamdaka mabegani akavuta, kikavuta, bega la mtoto likalia ko!, akang'ata hewa pale palipostahili kuwa na mkono na damu ya baridi ikamjaa mdomoni, akatupwa ukutani, akarudi, akang'ata tena huku anapiga kelele, "Ifute!"

"Haifutiki!"

"Mchore mwingine juu yake! Yeyote!"

Sura moja tu fundi aliweza kuichora gizani bila kuitazama.

Mshiko ukalegea. Kidoti akaanguka kifuani kwa mama yake, akavuta pumzi, akalia. Halafu chumba cha mbele kukasikika kitu kinachanwa taratibu kama kitambaa, na fundi akapiga mayowe mpaka sauti ikamwisha.

Asubuhi picha haikuwepo. Fundi alikuwa hai, kichwa kizima kimezungushiwa shuka iliyolowa. Mama Kidoti alikuwa ameshapanga la kusema: jiko limelipuka.

Jirani aliingia bila hodi, anahema.

"Shoga, mumeo yuko wapi? Nimeona mtoto barabarani, kashikwa mkono na mwanamke. Huyo mtoto ana sura ya mumeo kabisa. Mpaka ndevu." Ndipo akaiona shuka. Ilikuwa bapa, pua haikuinua kitu. Akashika mdomo.

Mama Kidoti akafunga mlango, akamkamata mkono. "Mimi ndiye niliyemwambia achore yeyote. Apa hutasema."

"Naapa, mwenzangu. Sitamwambia mtu mwingine."