Picha ya Bi Khamisa

Kila alasiri akitoka chuoni, Rawiya hupitia duka la ami yake, Qais, karibu na soko la Darajani. Hufuta vumbi kwenye kompyuta, kisha hujifunza kuzitumia. Ami Qais hutengeneza tovuti za biashara. Vikundi vya mtaani huvitengenezea bure, ili watu walijue duka lake na kuliamini.

Safari hii ilikuwa zamu ya akinamama wa Jang'ombe wanaosuka mikeka. Rawiya alitumwa kwao akiwa na kamera.

"Muulize kila mmoja kwanza," ami alimwonya. "Asiyetaka, piga mikono yake tu akisuka."

Akinamama walikuwa uani, mitandio imeshuka mabegani kwa joto. Bi Khamisa alikuwa akicheka, mvi zake zimesukwa vizuri. Rawiya aliona haya kuwauliza watu wazima. Akapiga picha kimyakimya. Ile ya Bi Khamisa ilipendeza kuliko zote.

"Wamekubali wote?" ami aliuliza.

"Naam," Rawiya alijibu, akitazama sakafu.

Tovuti ikafunguliwa. Siku chache baadaye Bi Khamisa aliingia dukani na buibui lake, macho mekundu.

"Shikamoo, Bi," alisema Rawiya.

Hakuitikia. "Qais! Kaka yangu kanipigia simu kutoka Maskati. Ananiuliza tangu lini natembeza kichwa wazi duniani. Ulisema hutaki kitu kwetu. Kumbe ulitaka nywele zangu!"

"Nisamehe, Bi. Duka langu, kosa langu."

"Basi futa yote! Mikeka yetu tutauza sokoni kama zamani."

Ami aliinamisha kichwa. Hakumtazama hata Rawiya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kitambaa cha vumbi kilimtoka mkononi.

"Si ami," alisema huku akilia. "Ni mimi. Sikuuliza, kisha nikamdanganya."

Ami aliifuta picha mbele ya Bi Khamisa, akapiga simu Maskati, akampa Rawiya simu azungumze. Rawiya alimweleza yule kaka kila kitu.

Bi Khamisa alishusha pumzi. Akanyoosha mikono yake. "Haya, ibakie tovuti. Piga hii. Lakini uulize!"

"Bi Khamisa, naomba nipige picha mikono yako."

"Piga."

"Umeona, Rawiya?" alisema ami. "Kumfanyia mtu kazi bure si ruhusa ya kuchukua heshima yake. Na haya ya kuuliza hupita upesi. Aibu ya uongo hukaa."

Mlangoni Bi Khamisa aligeuka. "Na ile shikamoo yako, mwanangu," alisema, "marahaba."