Uyoga wa Nyuma ya Karakana

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, Mama mkwe hashikiki. Kunapopambazuka anavaa mabuti, anabeba kikapu, anakwenda kuchuma uyoga. Mtaa mzima unamheshimu. Anautambua uyoga wa kuliwa na uyoga wa kuua kama anavyowatambua wanawe. Miaka arobaini amechuma, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Mwaka mmoja mke wa mwanawe alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba ya kwanza. Hamu yake ilikuwa uyoga tu. Asubuhi uyoga, jioni uyoga.

"Kula, mwanangu," Mama mkwe alimwambia. "Ila mjukuu wangu akizaliwa na kofia kichwani, usinilaumu!"

Siku moja Mama mkwe alirudi mapema, kikapu kimefurika. Uyoga ulikuwa mnene, mpana kama visahani.

"Leo sikufika hata mbali," alisema. "Nyuma ya karakana ya zamani umejaa tele."

Mkwe akaukatakata, akaubandika jikoni. Jirani yao, Fundi Betri, alikuwa mlangoni amekuja kurudisha ngazi. Aliposikia neno karakana, akaiweka ngazi chini.

"Shemeji, usile uyoga huo."

Mama mkwe akacheka. "Fundi, kila mtu na kazi yake. Wewe shika betri, uyoga niachie mimi."

"Uyoga unaujua, Mama. Lakini udongo wa pale naujua mimi."

Akaketi kizingitini, macho chini. "Pale tulivunja betri za gari miaka kumi. Ndani ya betri mna metali nzito iitwayo risasi. Tuliiyeyusha palepale, na maji ya betri tukayamwaga chini. Hatukujua. Mwenzangu alipoanza kutetemeka mikono, hospitali walipima damu yake wakaikuta imejaa risasi."

"Basi tutauosha mara tatu," alisema Mama mkwe.

"Hautakati, Mama. Uyoga hunyonya vilivyomo udongoni kama sponji. Risasi haiko juu, imo ndani. Hata uuchemshe kutwa, haitoki."

"Mbona kuku wangu wameudonoa na bado ni wazima?"

"Sumu hii haina haraka. Haiui leo. Inajikusanya mwilini kidogo kidogo, huwezi kuionja wala kuinusa. Kwa watoto inaharibu ubongo. Na aliye tumboni huipata kwa damu ya mama yake."

Mkwe akashika tumbo. Sufuria ilitokota, ikanukia vizuri. Chakula cha mama mkwe hukikatai hivi hivi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na ule wa wiki iliyopita, uliuchuma wapi?"

Mama mkwe aliitazama sufuria.

"Palepale."

Kisha akainuka. Akaiepua sufuria mwenyewe, akaumwaga uyoga wote kwenye mfuko wa taka, akaufunga mafundo mawili. "Miaka arobaini najiita mjuzi," alisema. "Asante, Fundi. Ungeweza kunyamaza, kosa lako lisijulikane."

Kesho yake alimpeleka mkwe wake kliniki. Hakungoja mtu mwingine amweleze muuguzi, alisema mwenyewe, "Nimemlisha mimi." Damu ikapimwa. Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu, mkwe hakulala vizuri hata moja.

"Risasi imo, ila ni kidogo," alisema muuguzi. "Mmewahi. Uyoga wa pale basi. Kula vizuri, kunywa maziwa, urudi tupime tena."

Walipopima tena, ilikuwa imepungua. Mtoto akazaliwa akilia kwa nguvu, na kofia hana.

Fundi Betri alipigilia ubao pale karakana: USICHUME HAPA. Mama mkwe hakuacha kuchuma. Sasa anakwenda mbali, msituni, pasipo karakana, jalala wala barabara ya magari mengi. Nawe msomaji mwenye mtoto, mgongoni au tumboni, fanya hivyo hivyo. Tena uyoga usioujua usiuguse kabisa.

Watu bado wanamletea vikapu aviangalie. Zamani aliugeuza uyoga kwanza, atazame chini yake. Juzi alikuja mama mmoja.

"Umeuchuma wapi?" Mama mkwe aliuliza, kabla ya kuugusa.

"Kando ya jalala. Lakini si ni uleule unaoliwa?"

"Ndiyo uleule. Mwaga."

"Wote?"

Mama mkwe akamweka sawa mjukuu wake mgongoni.

"Wote, mwanangu. Mimi wangu niliumwaga ukiwa umeshaiva."