Simu ya Dastan na Macho ya Bibi Wilhelmina

Ndugu zangu wa Dutwa na wa kwingineko, nisikilizeni, na mwenye simu mkononi aiweke chini kwanza, maana jambo hili linamhusu.

Ilikuwa mwezi wa sita, pamba imeiva. Nyumbani kwa Dastan palikuwa na amani ya kuonewa wivu. Mkewe Milembe alikaa kivulini akikata viazi vitamu vya kukausha kuwa michembe, pamba imeanikwa kwenye vichanja, na jirani yao Bibi Wilhelmina amekuja kuomba moto, kama ilivyo desturi yake. Bibi huyu aliishi peke yake. Ndiye aliyempokea Dastan siku alipozaliwa, na Dastan alimwita mayu, kama mama yake mzazi. Dastan mwenyewe alikuwa kamanda wa sungusungu wa kitongoji, mtu ambaye akipiga mwano, lile yowe letu la hatari, hakuna mwanamume anayebaki nyumbani.

Sasa huyu mtu mzima, baba wa watoto watatu, akanunua simu mpya Bariadi mjini. Ndani yake akakuta gemu. Gemu lenyewe linasema viumbe wa sayari nyingine wameivamia dunia na wamejivika sura za watu. Wewe mchezaji ni askari. Unamwelekezea mtu kamera, simu inamkagua macho, kisha inamzungushia duara. La kijani ni binadamu, jekundu ni mvamizi. Mchezo tu. Waliolitengeneza hawajui hata Dutwa iko upande gani.

Mwanzoni alicheka tu. Akampima rafiki yake Mayunga, kijani. Akampima mbuzi, simu ikanyamaza. Lakini gemu lilikuwa na tabia moja mbaya. Kila baada ya muda lilimwandikia, "Askari, mvamizi yuko karibu nawe." Karibu wapi? Dastan akaanza kuangaza macho huku na huku. Usingizi ukampungua, pamba ikadondoka shambani. Ikafika mahali hagusi ugali mpaka ampime aliyeupika.

"Baba Precious, si umenipima asubuhi," Milembe alimwambia. "Kwani nimebadilika?"

"Wanaweza kukubadilisha njiani. Ulikwenda kisimani."

"Nilikwenda na ndoo, nimerudi na ndoo. Nenda kachume pamba."

Hakwenda. Alikaa akiwaza. Kideri kilipopita, kuku wake wote walikufa, wa Bibi Wilhelmina hakufa hata mmoja. Kwa nini? Bibi alikuwa amewachanja, kila mtu alijua, lakini Dastan alishaacha kutafuta sababu, alikuwa anatafuta mtu. Halafu yule bibi huwa anaongea na nani kule ndani peke yake? Na mbona kila siku anakuja kuomba moto, viberiti vimeisha dukani? Oneni moyo unavyoharibika. Moto uleule aliokuwa akimpa miaka yote, sasa ukawa ushahidi.

Jumamosi mchana Bibi alikuwa jikoni kwake. Majiko yetu mnayajua. Kuni hakuna, miti tumeimaliza wenyewe, tunapikia mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, na moshi wake unachoma macho. Bibi amekaa kwenye moshi huo tangu akiwa msichana. Alitoka akijipangusa machozi kwa kanga, akamkuta Dastan amesimama uani, simu mbele ya uso.

"Mwadila, baba," Bibi akamsalimu.

Dastan hakuitikia. Simu ikakagua, ikatetemeka, duara jekundu likamzunguka mayu wake. Akapuliza filimbi, kisha akapiga mwano.

Watu walitoka mashambani na fimbo na mapanga, zaidi ya thelathini, kwa sababu mwano hauulizwi. Walipofika, Dastan alinyoosha kidole. "Huyu si mtu," akasema. "Tazameni macho."

Hakutaja sayari wala gemu, na hakuhitaji. Maneno hayo wengi waliyasikia tangu utotoni na walijua yanafuatiwa na nini. Ndugu zangu, hamna haja ya kuambiwa tumezika bibi wangapi kwa kosa la macho mekundu, eti ni wachawi. Fimbo zikaanza kunyanyuka. Bibi Wilhelmina akakaa chini mavumbini.

Milembe akapenya katikati ya watu, mikono bado ina utomvu wa viazi. Akampokonya mumewe simu.

"Kamanda wenu amemhukumu Bibi kwa mchezo ulio humu," akawaambia. "Haya, na yeye tumpime."

Akamwelekezea. Dastan alikuwa hajalala vizuri wiki tatu, macho yake kama nyanya mbivu. Simu ikatetemeka. Duara jekundu. Milembe akazunguka akimwonyesha kila mtu kioo, na wanaume wakageuka taratibu kumtazama kamanda wao.

"Subirini," Dastan akasema. "Mimi ni Dastan. Si mnanijua?"

"Na Bibi je, tulikuwa hatumjui?" Milembe akamwuliza.

Kuna mtu alishampiga Dastan fimbo ya bega. Ya pili ilikuwa hewani Bibi Wilhelmina aliponyanyuka, akaenda kusimama mbele yake.

"Mwacheni," akasema. "Huyu nilimpokea kwa mikono yangu. Ni mtu."

Mkutano wa kitongoji ulimvua ukamanda na kumtoza ng'ombe wawili, wakachinjwa, kila kaya ikala. Bibi hakuja kula. Dastan alifuta gemu, akaenda kupiga magoti uani kwake akilia kama mtoto. Bibi alisema amemsamehe, nami naamini ni kweli. Lakini haji tena kuomba moto. Amenunua kiberiti. Na Dastan akipita njiani, Bibi huvuta kanga akayafunika macho yake.

FUNZO

Sisemi mchezo wa simu ni dhambi, hata wanangu wanacheza. Nasema jihadhari na kitu chochote kinachokuambia kila saa kwamba adui yuko karibu, kwa sababu ukikisikiliza sana utamkosa huko angani na kumtafuta kwa jirani. Jiko la bibi yako likijaa moshi, mtobolee dirisha. Na wewe uliyepewa filimbi ya kuwaita watu, kabla hujaipuliza, itikia kwanza salamu uliyopewa.